Beberu Aliyeandikiwa Dawa ya Presha

Siku Blandina aliposhuka Same na mfuko wa vidonge kwapani, ule upepo wa Same unaoezua mabati na kuwavua watu kofia ulisimama kando kumpisha. Waliokuwa stendi wataapa. Vumbi lilitua, mbuzi wakaacha kutafuna makaratasi, na dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa amejiandaa kumwita "mama twende" aliyameza maneno yake akashushia na mate. Mwanamke mwenyewe hafiki kilo hamsini na tano. Alikuwa ameshuka milima yote ya kutoka Vudee kwa miguu, kwa sababu aliona gari lingeichelewesha hasira yake.

Aliingia moja kwa moja kwenye duka la dawa la Sumaiya. Sumaiya ni mfamasia, binti wa watu wa huku chini, mtaratibu, hijabu yake imenyooshwa kama karatasi ya mtihani. Miaka minne alikuwa akimpa Blandina dawa za presha za mumewe, na hajawahi kumwona ameingia bila kusalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niambie hivi ni nini."

Akamwaga vidonge juu ya kaunta, pakiti zake na boksi lake.

Sumaiya aliligeuza boksi, akalirudia, akavaa miwani. Akakwangua kwa ukucha ile tarehe ya kuisha muda. Ikabanduka, maana ilikuwa kijikaratasi kilichogundishwa. Chini yake palikuwa na tarehe nyingine, imekwisha zamani, enzi Blandina bado ana meno yote ya mbele. Akatafuta namba ya toleo, hakuna. Akatafuta jina la kiwanda, akakuta ua limechorwa. Akakiponda kidonge kimoja kwa kijiko, kikawa unga mweupe kama chokaa ya kupakia ukuta.

"Mama, mimi sijui hivi ni nini," akasema. "Na hapo ndipo pabaya. Kidonge ambacho mfamasia hawezi kukuambia ni nini, usimpe hata panya. Nani kakuuzia?"

"Simu."

"Simu gani?"

"Yangu mwenyewe, hii hapa. Nimeilea miaka mitatu, naichaji, naiwekea bando, naifunga na kitambaa isipigwe na baridi. Ikaniuzia sumu."

Sumaiya hakucheka. Alimvutia kiti, na Blandina akakataa kukaa.

Mambo yalianza masika. Mvua ilikata barabara ya kwenda juu, na vidonge vya Fanueli vilikuwa vimebaki vya siku nne. Fanueli ndiye mume wa Blandina, na ndiye msimamizi wa ndiva ya kijiji, lile bwawa la kukusanyia maji usiku ili asubuhi yafunguliwe yashuke kwa mifereji mpaka mashambani, kila mtu na zamu yake. Miaka kumi na tisa amezibua na kuziba, na miaka kumi na tisa ameamua kesi za maji. Mnajua watu wa mabondeni wanavyotusema, kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Fanueli hakuona utani katika maneno hayo. Alikuwa akiuliza tu, kuku mwenyewe ni wa nani na alipatikana shamba la nani.

Basi Blandina, na vidonge vya siku nne mkononi, akaona kwenye simu tangazo la Duka la Afya Chapuchapu. Mwanamume amevaa koti jeupe, ametabasamu, nyuma yake rafu za dawa mpaka darini. Hahitaji cheti cha daktari. Hahitaji kukuuliza. Unatuma hela, dawa inapanda basi, unaipokea stendi. Jina lake Dokta Clemence. Blandina akapiga, akajibiwa kwa sauti tamu kama ya mchumba: "Mama yangu, presha ya mzee tunaimaliza." Akajisikia mjanja kuliko kijiji kizima. Barabara ilipotengemaa akaendelea kununua hukohuko, maana cheti kilikuwa kimeisha muda na kwenda kuonana na daktari ni siku nzima ya benchi. Fanueli akiuliza, anaambiwa dawa ni zilezile za Sumaiya, boksi tu ndilo limebadilika.

Miezi mitatu Fanueli alimeza chokaa kwa uaminifu. Mwezi uliofuata, asubuhi moja, ameinama azibue ndiva, akaangukia tope. Asheri, binamu yake, ndiye aliyemwona, na Asheri alifikiri anatafuta kitu. Alipomgeuza, mdomo wa Fanueli ulikuwa umekwenda upande mmoja na mkono wa kushoto haukujua tena ni wa nani.

Hospitali alikaa siku tisa. Mdomo ukarudi, mkono ukarudi nusu. Siku ya kuruhusiwa daktari aliandika cheti kipya, akamtazama Blandina machoni. "Safari hii kabahatika. Akiacha dawa tena, mtamrudisha hapa amelala, na hatatoka kwa miguu yake." Wakapitia kwa Sumaiya, wakachukua dawa za kweli. Mle ndani ya gari Fanueli akauliza, polepole kwa sababu ya mdomo, mbona boksi limerudi kuwa la zamani. Na Blandina, aliyedanganya miezi mitatu bila kujikuna, alishindwa kudanganya kilomita tatu.

Fanueli hakugomba. Afadhali angegomba. Walipofika nyumbani Blandina alimletea kidonge na kikombe cha maji, naye akakisogeza kando kwa ule mkono mzima.

"Simezi."

"Baba Anaeli, hiki ni cha kweli."

"Na kile uliniambia hivyohivyo, kwa mdomo huohuo. Nitajuaje?"

"Si tumekichukua wote kwa Sumaiya, umeona kwa macho yako."

"Nimeona duka. Kilichomo ndani ya kidonge sijakiona. Hapa pana kesi, Mama Anaeli. Kesi isikilizwe kwanza, vidonge baadaye."

"Kesi gani na wewe unakufa?"

"Hata wafu wa hapa wana kesi," akasema Fanueli, akageukia ukuta.

Siku mbili hakumeza. Pasta alikuja akaomba, akaondoka. Kichwa kilimuuma mpaka akakifunga kwa kanga, na mishipa ya shingo ilidunda hivi kwamba kuku walikuwa wakiisikia na kukimbia. Blandina alimsihi, akamtukana, akakisaga kidonge akakitia kwenye makande. Fanueli alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani, akasema hilo nalo litaingia kwenye kesi. Ndipo hasira ilipompeleka Same kwa miguu.

Maana hasira zilikuwa tatu, na zote zilikuwa zikigombea mlango mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya Dokta Clemence na tabasamu lake. Ya pili ya Fanueli, mzee mzima anayetaka kuzikwa na hukumu mkononi. Ya tatu hakuitaja kwa mtu, lakini ndiyo iliyopanda kila alipouona ule mkono wa kushoto ukihangaika na kifungo cha shati.

"Nataka uniandikie kwamba hivi ni vya uongo," alimwambia Sumaiya.

"Nitakuandikia nilichokiona, na nitaweka muhuri wa duka. Lakini sikiliza mama. Kununua dawa kwa simu si kosa. Hata mimi natuma dawa. Wako watu wa Bombo, wako wa Lembeni, hawajafika hapa tangu Pasaka. Ananitumia picha ya cheti, nakisoma, nampigia mwenyewe nimuulize anameza nini kingine. Boksi linafungwa, risiti ina jina langu na namba ya leseni ya duka, na leseni yenyewe ile pale ukutani, mtu yeyote aulize ofisi zinazosimamia dawa. Akikasirika anajua mlango wa kuja kuupiga teke. Huyo wako mlango wake uko wapi?"

Blandina akafikiri. Miezi mitatu hakuwahi kujiuliza mlango uko wapi.

"Hakukuomba cheti hata siku moja?"

"Alisema vyeti ni usumbufu."

"Anayekuuzia dawa ya presha bila cheti, mama, angemuuzia hata mbuzi."

Blandina aliyekuwa akikunja mfuko aliacha kukunja. Alimtazama Sumaiya muda mrefu, halafu kwa mara ya kwanza tangu masika akaonyesha meno, yale yaliyobaki.

Kesho yake saa nne asubuhi ua wa Fanueli ulijaa. Waliitwa wote wenye zamu za ndiva, na wakaja na majembe yao mabegani kwa sababu walitoka mferejini. Fanueli aliletwa na kiti chake, kanga imefungwa kichwani, uso umejaa damu kama nyanya iliyoiva. Sheria yake ilikuwa moja tangu mwanzo: mtu hasemwi asipokuwepo. Mshitakiwa aje aseme kwa kinywa chake, asipokuja hakuna kesi. Mwaka mmoja aliwahi kuahirisha shauri wiki sita akisubiri mtu arudi Tanga.

"Mshitakiwa yuko wapi?" akauliza.

"Yupo," akasema Blandina. Akaweka simu juu ya kinu, akafungua spika. Halafu akaenda zizini akamburuta beberu lake, dume jeusi lenye ndevu mpaka magotini, akalifunga kwenye nguzo mbele ya baraza.

"Na huyo?"

"Huyo mgonjwa. Mkae kimya wote. Asheri, na wewe."

Simu iliita mara mbili tu.

"Chapuchapu hapa, Dokta Clemence naongea. Mama yangu wa Vudee, za milimani?"

"Si nzuri, dokta. Nina mgonjwa mwingine hapa nyumbani."

"Pole sana. Mwanamume au mwanamke?"

"Dume."

"Ana umri gani?"

"Hata sijui, dokta. Ila ndevu anazo, na ana wake kumi na mmoja."

Asheri alijiziba mdomo kwa kofia.

"Aisee," simu ikasema. "Wake kumi na mmoja, hapo presha lazima. Dalili zake?"

"Halali kitandani. Anasimama tu. Akikasirika anapiga watu vichwa. Chakula anapenda majani, nyama hataki kabisa kuiona. Na mkojo wake, dokta, unanuka hadi kwa jirani."

"Mama, hiyo ni presha iliyochanganyika na sukari. Usihangaike na hospitali, watakuzungusha. Nakupa dawa ileile ya mzee, lakini huyu dozi iwe mara mbili, asubuhi na jioni. Tuma hela leo, kesho mzigo uko stendi."

Fanueli akainua mkono mzima, kama anavyofanya akitaka kuhoji. Akainamia kinu.

"Dokta, mimi ni mzee wa hapa. Nina swali."

"Uliza baba."

"Mgonjwa huyu juzi alikula shati la jirani. Shati la kwaya, limeanikwa kwenye kamba. Akalimaliza pamoja na vifungo."

"Alilila kweli, baba?"

"Kola tu ndiyo aliyobakiza. Mwenye shati huyu hapa."

"Ndiyo mimi," Asheri akasema, na sauti yake ilikuwa na machungu ya kweli, maana shati lile hajalipwa mpaka leo.

Watu wote wakasogea karibu na kinu. Hapo mtu mwenye chembe ya elimu, au chembe ya aibu, angegutuka.

"Baba, hiyo ni presha imepanda kichwani," akasema Dokta Clemence. "Inatokea sana. Mpe tatu kwa siku."

Beberu likalia mlio mmoja mrefu, kama lililoifahamu hukumu yake.

"Huyo ndiye anayelia?" simu ikauliza. "Mnaona anavyoteseka? Tumeni hela haraka."

Blandina akakata simu. Wengine walitaka kucheka, kicheko kilikuwa kimeshafika kooni, lakini walipomtazama Fanueli kikarudi kilikotoka. Alikuwa akiuangalia mkono wake wa kushoto uliolala mapajani kama kitu cha kuazima.

"Dawa ileile," akasema. "Ile niliyomeza mimi."

"Ileile," akasema Blandina.

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu, na mimi ndiye niliyekuletea maji ya kushushia."

Blandina alifungua ile barua ya Sumaiya, akampa kijana mmoja wa darasa la saba aisome, tarehe juu ya tarehe, boksi lisilo na kiwanda, unga wa chokaa. Halafu akapiga simu ya pili, akaiweka pale pale juu ya kinu.

"Sumaiya, mwanangu, nina mgonjwa hapa, nataka dawa ya presha nitumiwe."

"Sawa mama. Nitumie picha ya cheti."

"Sina cheti."

"Basi aende akapimwe kwanza. Alipimwa lini mara ya mwisho, na presha ilikuwa ngapi?"

"Hajawahi kupimwa. Ana ndevu, ana wake kumi na mmoja, anakula majani, anapiga watu vichwa."

Sumaiya hakungoja hata habari za mkojo.

"Mama," akasema, "huyo mpigie bwana mifugo. Na mzee Fanueli ameshameza cha leo?"

Ua wote ukamgeukia Fanueli. Hapo sasa walicheka, wakacheka mpaka majembe yakaanguka, na mama mmoja wa zamu ya Jumanne akalazimika kushikwa. Blandina peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kidonge kiganjani tangu asubuhi, kimeanza kuloa jasho.

"Kesi imesikilizwa," akasema. "Meza."

"Bado hukumu."

"Meza kwanza, ndipo uhukumu. Nimebeba hasira yako, nimebeba ya kwangu, nimeshuka mlima na kuupanda. Ukinifia hapa kwenye kiti kabla ya hukumu, Fanueli, kaburini nitakuja na beberu hili nilifunge kwenye msalaba wako, na kila siku ya Mungu liwe linakula maua yako."

Fanueli alikitazama kidonge. Akakigeuza. Akaomba pakiti yake, akaisoma herufi kwa herufi, jina la dawa, namba ya toleo, tarehe, na akaikwangua ile tarehe kwa ukucha. Haikubanduka. Akakwangua tena. Kisha akakitia mdomoni, akashushia na uji uliopoa, na ule mfupa wa koo ukapanda na kushuka mbele ya mashahidi thelathini na wanne.

Halafu, kwa kuwa alikuwa Fanueli, akahukumu.

Mshitakiwa wa kwanza, aitwaye Dokta Clemence, ana hatia, na kwa kuwa hana mlango, shauri lake lipelekwe serikalini wamtafutie. Mshitakiwa wa pili ni Blandina, mke wake. Kosa lake si kununua, mtu anaweza kudanganywa. Kosa lake ni kuulizwa "hizi ni za wapi" akajibu uongo. Bustani yake ya kabichi isipate zamu ya maji wiki mbili.

Minong'ono ikapita uani. Ilikuwa kiangazi. Kabichi zile zilikuwa zimeanza kufunga, na Blandina alizilea kuliko simu.

"Umemaliza?" akauliza Blandina.

"Nimemaliza."

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Basi zikauke." Akaenda zake kulifungua beberu, na namna alivyovuta kamba, nguzo ya baraza ilisogea. Iko upande mpaka sasa, ukienda utaonyeshwa.

Jumatatu alishuka tena Same. Alikwenda ofisi ya serikali na ule mfuko, barua yenye muhuri, risiti za basi, na namba ya simu ya Dokta Clemence. Afisa mmoja kijana aliandika kila kitu, akajaribu ile namba mbele yake. Imezimwa. Akamweleza kwa upole kwamba watu hawa hubadilisha namba kama soksi, na tangazo lenyewe limeshafutwa mtandaoni. Wataipeleka taarifa juu. Inaweza kuchukua muda mrefu. Mama aende nyumbani, ataitwa.

"Nitasubiri," akasema Blandina.

"Mama, naweza kukuambia wiki, naweza kukuambia miezi."

"Wewe mwanangu ni mtu wa wapi?"

"Wa Dodoma, mama."

"Ndiyo maana." Akakaa kwenye benchi ya korido, akafungua kindoo cha makande aliyoyapika ya siku mbili, akakiweka kando kwa ajili ya baadaye. Juu mlimani kabichi zake zilikuwa zikilala chini moja moja. Alizifikiria, na hasira ikapanda upya, akaiacha ipande, maana ilikuwa imemfikisha mahali.

Saa mbili na nusu ya asubuhi, saa ya kidonge, akatoa simu. Yule afisa, mlango wazi, alisikia yote.

"Baba Anaeli. Umemeza?"

"Nimemeza."

"Kutoka boksi gani?"

"La Sumaiya. Nimekwangua tarehe."

"Toa ulimi."

"Kwa simu, Mama Anaeli?"

"Toa."

Blandina alikiegemeza kichwa ukutani akasikiliza, na inaonekana aliusikia ulimi ukitoka, kwa sababu alisema "haya," akakata, akamgeukia afisa.

"Endelea kupiga hiyo namba," akasema. "Mimi nipo."